Kipimo cha Mfuko

Mafundi cherehani ni waongo. Hilo halina ubishi, na anayebisha aende akachukue suruali yake siku aliyoahidiwa, aone. Fundi wetu naye alikuwa muongo, ila uongo wake ulikuwa mmoja tu, nao ndio uliompa jina: Fundi Kesho. Ukienda leo, kesho. Ukienda kesho, kesho. Hakusema kwa ubaya. Alipenda watu waondoke mlangoni kwake wameridhika, na neno hilo humridhisha mtu siku nzima, au angalau mpaka afike nyumbani akumbuke kwamba harusi ni leo.

Aliyeliokoa duka ni mkewe. Watu walimwita Mama Vifungo, kwa sababu matundu ya vifungo yalikuwa yake, mapindo yake, pasi yake, na kazi moja ambayo hakumwachia mtu: kutoa bandi. Kabla kitambaa hakijapita kwenye cherehani, Fundi hukishikiza kwa mkono, mishono mirefu ya uzi mweupe, ya muda tu, ili vipande visihamehame. Hiyo ndiyo bandi. Cherehani ikishapita, uzi ule hauna kazi tena, unatolewa. Mama Vifungo aliigeuza kila nguo ndani nje, akapitisha kidole kwenye kila mshono, na uzi mmoja tu ukibaki, nguo ilirudi mezani hata kama mwenyewe amesimama mlangoni anapiga kelele. "Nguo haitoki na bandi," alisema, na mteja alinyamaza, kwa sababu sauti ya Mama Vifungo haikuwa ya kujibizana nayo.

Mwaka huo, msimu wa sare za shule ulipokaribia, Mama Vifungo akaanza kushindwa kuinama. Maumivu yenyewe yalikuwa ya ajabu. Hayakuwa ya mgongo, hayakuwa ya tumbo, yalikuwa huko katikati, kama pini iliyosahauliwa ndani ya nguo: ukikaa hivi inachoma, ukikaa vile inanyamaza. Mwanzoni alifanya mzaha. Kifungo kikianguka chini ya meza, alikiangalia tu.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alimwambia mumewe. "Mimi sikitaki. Kikae huko huko."

Mzaha ukaisha siku aliyoshindwa kuinuka kwenye kigoda. Fundi alimshika makwapani akamnyanyua, akaona jasho limemjaa usoni na ilikuwa asubuhi ya baridi. Siku hiyo hakusema kesho. Alifunga duka, wakaenda hospitali.

Daktari wa mishipa alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao. Alimpitisha Mama Vifungo kwenye mashine ya kupiga picha, kisha akawaita wote wawili, akageuza kioo cha kompyuta upande wao. Katikati ya vivuli vya mbavu na matumbo palikuwa na kitu cheupe chenye miguu sita, mfano wa mwavuli ulionyang'anywa kitambaa.

"Mama, hili uliwekewa lini?"

"Miaka sita," alijibu Mama Vifungo. "Nilianguka nikitundika mapazia ya mteja, nikavunjika mguu. Damu ikaganda mguuni, bonge likapanda mpaka kwenye mapafu. Nusura nife. Na dawa za kuzuia damu isigande sikuweza kupewa, maana nilikuwa na vidonda vya tumbo vinavyotoa damu. Wakaniambia wataniwekea kitu cha kuzuia. Wakakipitishia hapa shingoni."

"Ndicho hiki. Ni chujio. Linakaa kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni. Bonge likipanda, linanaswa hapo. Lilikuokoa, hilo siwezi kulikana." Daktari akashusha kalamu yake kwenye picha. "Lakini sasa limelala upande. Miguu yake miwili imetoboa ukuta wa mshipa. Huu unagusa mfupa wa mgongo, ndiyo maumivu yako. Huu mwingine uko jirani na utumbo."

"Na ukiufikia utumbo?"

"Ndiyo maana sitaki tungoje. Tena miguu hii huvunjika. Kipande kikivunjika, damu inakibeba, na damu ya hapo haina njia nyingine, ni moyoni."

Mama Vifungo akaweka mkono juu ya tumbo lake, polepole sana.

"Mengi tunayaweka kwa muda," daktari aliendelea. "Hatari ikipita tunayatoa, mwezi wa pili, wa tatu. Hawakuwaambia mrudi?"

"Hawakutuambia." Mama Vifungo akamgeukia mumewe. "Walituambia?"

"Hapana," alisema Fundi. Na siku hiyo, wallahi, alikuwa anasema kweli kadiri alivyoijua.

Daktari akauliza kuhusu kadi. Kila aliyewekewa chujio hupewa kadi yenye aina yake na namba yake. Ziko aina nyingi, alisema. Nyingine zina kulabu ya kuvutia juu, nyingine chini, nyingine hazina kabisa, na kwa jinsi hili lilivyolala hakuweza kuona. Kuingia bila kujua ni kupapasa gizani. Hospitali ya zamani alikwisha kuipigia simu, wakamwambia mafaili ya miaka ile yaliharibiwa na maji. "Itafuteni kadi," alisema. "Pindueni nyumba nzima."

Wakaipindua. Walitoa makaratasi yote ya chini ya godoro, vyeti, risiti za cherehani ya kwanza, picha za watoto wakiwa hawana meno. Bahasha ya hospitali ilikuwepo, na ndani yake zilikuwemo karatasi za dawa na picha ya mguu uliovunjika. Kadi haikuwemo.

Kuanzia hapo Mama Vifungo alianza kuishi kama mtu aliyefungwa. Alilala amekaa, mito mitatu mgongoni. Alipohisi chafya inakuja aliibana pua mpaka machozi yakamtoka. Mjukuu alipoletwa kumsalimia, alimbusu kwa mbali, hakumpakata. Alitembea ukutani ukutani, na akisimama ghafla katikati ya chumba, Fundi alijua kwamba anasikiliza. Mtu akifungiwa chumbani hugonga mlango. Yeye kilichomfunga kilikuwa ndani yake mwenyewe, sasa angegonga wapi?

"Silali, mume wangu," alimwambia siku moja wakinywa chai. "Nikifumba macho naiona ile miguu. Nasema, sasa hivi mmoja unakatika."

"Kadi itapatikana," alisema Fundi.

"Lini?"

Neno lilimjia mdomoni, akalimeza.

Juma la pili baada ya hapo, kaka yake Mama Vifungo, dereva mstaafu, aliingia kwa hasira za kuazima. Shemeji huyu alikuwa na desturi ya kumgombania kila mtu ugomvi wake, na wa dada yake aliugombania mara mbili. "Tutawashtaki!" alisema kabla hajakaa. "Mtu mzima uwekewe vyuma tumboni, usiambiwe vinatolewa lini? Kwani wao ni nani?" Akaahidi kuandika barua. Mama Vifungo alimwangalia kwa uchovu, akasema aandike, kama kuandika kutamfanya ashushe sauti.

Sare zilikuwa hazingoji ugonjwa wa mtu. Shati mia mbili, kila shati na mfuko wake wa kifuani. Fundi, peke yake mezani, aliinua mkono kwenye msumari ulio kando ya dirisha, ambapo vipimo vyake vyote vilining'inia kwa kamba: kipimo cha kola, cha mkono wa shati, cha mkanda, cha mfuko. Fundi mzuri hatupi kadi ngumu. Jalada la daftari, boksi la viatu, kalenda ya mwaka juzi, vyote huishia msumarini. Akachukua cha mfuko, ambacho ndicho alichokipenda kuliko vyote, maana kilikuwa na ngozi ya plastiki na hakikuwahi kujikunja. Akakilaza juu ya kitambaa, akazungusha chaki. Upande mmoja, upande wa pili, ncha ya chini.

Mkono ukasimama.

Chini ya chaki ya bluu ya miaka yote ile kulikuwa na herufi. Akalilowesha dole gumba kwa mate, akasugua. Likatoka jina la mkewe, kamili, kama lilivyo kwenye cheti cha ndoa. Akasugua tena, ikatoka namba ndefu na jina la aina ya chujio. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mkono: *Chujio hili ni la muda. Liondolewe kabla ya* na hapo hapo mkasi ulikuwa umepita.

Akakaa juu ya mashati.

Sasa alikumbuka, na majuto ni mjukuu, huja baadaye akakaa magotini. Siku ya kutoka hospitali, muuguzi alikuwa anamweleza maneno kwenye dirisha la dawa, naye akijibu ndiyo, ndiyo, huku kichwani akihesabu mashati ya shule yaliyokuwa yakimsubiri. Muuguzi alimpa bahasha, na kadi akamkabidhi mkononi peke yake. "Hii usiipoteze, baba." Hakuipoteza! Hiyo ndiyo ilikuwa balaa yenyewe. Aliiweka kifuani, akafika dukani, akakuta kipimo chake cha zamani cha mfuko kimelegea kama jani la mgomba. Akaitoa kadi. Mwingine angeona maandishi. Yeye aliona upana. Upana ulikuwa ule ule, urefu ule ule, ugumu ndio kabisa. Alichofanya ni kukata kona mbili za chini ili mfuko upate ncha. Kona ya kulia ndiyo iliyokuwa na tarehe. Ilianguka sakafuni pamoja na vipande vingine, ikafagiwa.

"Umepatwa na nini?" Mama Vifungo aliuliza kutoka chumba cha ndani. Hakuwa ameisikia cherehani kwa muda.

"Uzi umekatika," alisema Fundi.

Akaitia kadi kwenye mfuko wa shati lake mwenyewe. Ikaingia barabara, haikupwaya wala haikubana, maana mfuko huo nao aliukata kwa kadi hiyo hiyo.

Nitamwambia kesho, alisema moyoni, na akasikia aibu, kwa sababu kwa mara ya kwanza neno lake alijiambia mwenyewe, akaonja ladha waliyoionja wateja miaka yote.

Kesho yake alipiga moyo konde. Alimpelekea mkewe chai kitandani, akaketi, akafungua mdomo. Mama Vifungo akamtangulia.

"Unajua ninachomshukuru Mungu?"

"Nini?"

"Kwamba si kosa letu. Ingekuwa ni mimi niliyesahau, wala maumivu yasingekuwa kitu. Ningekufa kwa majuto." Akanywa chai. "Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kujua kama sukari imetosha."

Kesho ya pili shemeji alileta barua. Kurasa tatu, kwa mwandiko wa kujitutumua, zikisema familia haikupewa kadi wala maelezo yoyote. Mama Vifungo alikwisha kusaini. Palibaki pa mumewe. Shemeji akaweka kalamu mezani, akatikisa kichwa kwa uchungu.

"Unamwamini mtu, unamkabidhi dada yako, kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Fundi alisikia kadi inamchoma kifuani kupitia kitambaa. Alichukua kalamu. Aliishika muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mtu kuandika jina lake. Asiposaini, aeleze kwa nini. Akisaini, awe amewawekea watu wengine dhambi yake kwa wino. Kila mlango aliousukuma ulikuwa na yeye mwenyewe nyuma yake, ameegemea.

"Nitasaini kesho," alisema.

Shemeji akacheka, licha ya hasira zake. "Ewe Fundi! Hata hili?"

Mama Vifungo hakucheka. Alimtazama mumewe kidogo, kisha akainamisha macho kwenye kifungo alichokuwa akikishona.

Kesho ya tatu Fundi alikwenda hospitali peke yake. Alikuwa ameinakili namba kwenye kipande cha karatasi, akidhani ataitoa, atashukuriwa, atarudi. Daktari aliisoma, uso ukachangamka. Kulabu iko juu, alisema, njia ni ya shingoni, angeweza kupanga kazi Alhamisi. Kisha akauliza, "Kadi yenyewe iko wapi, mzee?"

Wapo watu wanaojua kudanganya daktari. Fundi hakuwa mmoja wao. Akaitoa kifuani, akaiweka mezani. Daktari akaigeuza, akatazama kona zilizokatwa, na chaki iliyojikusanya pembeni. Alisoma mstari wa mwisho mpaka pale ulipokatika, akapitisha kidole kwenye ule ukingo wa mshazari.

"Hii ni nini?"

"Ni kipimo cha mfuko," alisema Fundi. "Cha mashati ya shule."

Daktari hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu. "Mkeo anajua?"

"Bado."

"Naiweka kwenye faili lake. Alhamisi kabla ya kuingia atasaini karatasi ya kukubali, na mimi simsainishi mtu bila kumfunulia faili. Una siku mbili. Mficha uchi hazai, mzee wangu."

Siku mbili ni nyingi kwa mtu mwenye ulimi. Wa Fundi ulikuwa mzito kama pasi ya makaa. Nyumbani alisema tu kwamba hospitali ya zamani imeipata namba. Mama Vifungo alifunga macho, akashukuru kwa sauti, akamshika mkono. "Nitainama tena," alisema. "Nitampakata mtoto." Ukimsikia mtu akisema hivyo, ukiwa umebeba uliyoyabeba, unanyamaza. Si kwamba ni sawa. Nasema tu kwamba unanyamaza.

Alhamisi, Mama Vifungo alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa gauni la hospitali ambalo kwanza aligeuza pindo lake akalikagua, akaguna. Shemeji alikaa kwenye benchi la ukumbini na barua yake. Daktari akaja na faili, akalifungua kwenye magoti ya mgonjwa, akaanza kumweleza: wataingilia shingoni kwa mrija mwembamba, watatafuta kulabu, watalivuta chujio likunje miguu. Atakuwa macho, sehemu ile tu itatiwa ganzi. Mshipa unaweza kuchanika. Akafunua ukurasa.

Kadi ilikuwa imebanwa hapo kwa pini.

Mama Vifungo aliitazama kama unavyotazama kikombe cha nyumbani kwako ukikikuta kwa jirani.

"Huu si mfuko wetu?" aliuliza.

Akaiinua kadi kwa kidole kimoja. Akasoma jina lake. Akasoma mstari wa chini, akafika kwenye ukingo, akakaa hapo. Kisha akamtazama mumewe. Mama Vifungo akachukua kalamu, akasaini, akamrudishia daktari faili.

"Twende, mwanangu," alisema.

Magurudumu yakalia koridoni, mlango ukajifunga.

Fundi alikaa kwenye benchi. Aliwaza kwamba kama mshipa ukichanika, basi jicho lile ndilo la mwisho alilomwachia, na atazeeka nalo. Miaka thelathini ya ndoa, halafu jicho lile. Saa ya ukutani haikuwa inakwenda. Akamgeukia shemeji na kumwambia yote, kwa mkupuo, tangu dirisha la dawa mpaka kona iliyofagiwa.

Shemeji alikunja ile barua mara mbili, mara nne, mara nane, akaikalia.

"Usiniambie kitu kingine," alisema hatimaye. "Nitakupiga, na hapa ni hospitali. Tungoje."

Wakangoja muda wa karibu saa tatu. Daktari alipotoka, kofia yake ilikuwa imelowa.

"Yuko salama," alisema kwanza, na Fundi akashika ukuta. "Lakini sikulitoa. Kulabu imezama ukutani mwa mshipa, nyama imekua ikaifunika. Nilijaribu shingoni, nikajaribu na pajani. Nikivuta, mshipa wote unakuja nalo. Nikaacha."

"Kumfungua tumbo?" aliuliza shemeji.

"Hatari yake kwa sasa ni kubwa kuliko kuliacha. Vidonda vyake vya tumbo vimepona, kwa hiyo atameza dawa za kuzuia damu isigande, za maisha. Picha kila baada ya miezi sita. Miguu ikisogea, tutazungumza upya. Asibebe vitu vizito." Akavua kofia. Alikuwa amechoka, na uchovu humfanya mtu aseme lililo kweli. "Mwezi wa tatu ingekuwa kazi ya nusu saa."

Mama Vifungo alirudi nyumbani siku ya pili, bandeji shingoni. Hakumsema mumewe. Hakumnunia hata. Alimwomba maji, akamwambia ahsante, alimwelekeza ziliko dawa. Fundi angelipa kwa chochote apate matusi. Nyumba ya vyumba viwili, kila akigeuka yuko naye, na kila akiwa naye hayuko. Alisema "nisamehe" mara ya kwanza akiwa amempa kisogo, mara ya pili akiwa amesimama mbele yake. Mara zote mbili Mama Vifungo alisema, "Nimekusikia."

Siku ya tano mwalimu wa shule akatuma ujumbe: mashati yako wapi? Fundi akarudi mezani. Alikata kipimo kipya kwenye boksi la sabuni, akachora mifuko kumi, akaishikiza kwa bandi kwenye mashati. Yote ikatoka mipana, imekaa vifuani kama masanduku ya barua. Akaifumua. Alikata kingine, kikatoka chembamba. Mkono ulikuwa umesahau kazi wenyewe, ulizoea kuongozwa.

Mama Vifungo alitoka ndani akishika ukuta. Alikuwa na mkoba wake. Akaketi kwenye kiti kirefu ambacho Fundi alimtengenezea asiiname, akafungua mkoba, akatoa kadi. Daktari alikuwa amemrudishia, ndiyo yake, atembee nayo.

"Lete kitambaa," alisema.

Akachora yeye mwenyewe. Chaki ilizunguka upande mmoja, upande wa pili, ncha ya chini, haraka, bila kutazama, kama alivyofanya kila msimu Fundi alipozidiwa. Mifuko ishirini, thelathini. Kufika wa arobaini akasimama, akaielekeza kadi dirishani, akasoma kwa sauti.

"Liondolewe kabla ya."

Kidole chake kikapita kwenye ukingo.

"Nimekata mimi," alisema Fundi.

"Ndiyo, umekata wewe. Hilo ni lako, sikuondolei." Hakuwa amepandisha sauti. "Lakini miaka sita nimeishika kadi hii kila msimu wa shule. Mifuko elfu ngapi? Na jina langu liko juu, na mimi najua kusoma."

Fundi akaanza kulia. Alikuwa mtu mzima, mwenye futi shingoni, akalia juu ya kitambaa cha watu.

"Usinilowanishie mashati," alisema Mama Vifungo.

"Umenisamehe?"

Alifikiri. Kama angetaka kumfurahisha, neno lilikuwepo, naye Fundi angelipokea kwa mikono miwili. Lakini yeye hakuwa na desturi hiyo.

"Bado," alisema. "Hasira ninayo, tena nyingi, na nikiwa na hasira hapa panauma. Hiki kitu hakina pa kwenda. Na mimi sina pa kwenda nacho, wala wewe huna pa kwenda. Basi tutakaa." Akamsogezea rundo la mifuko. "Shona. Halafu unipe nitoe bandi."

Fundi akajifuta kwa mkono wa shati, akatunga uzi. Alishikiza mfuko kwa mishono mirefu myeupe, akapitisha cherehani, akampa. Mama Vifungo akaligeuza shati ndani nje, akaushika uzi wa bandi kwa kucha mbili na kuuvuta polepole mpaka ukaisha. Hakuutupa. Aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kutoka ncha mpaka ncha kuhakikisha umetoka mzima, ndipo akaunyoosha mkono kupokea shati linalofuata.